Tairi Linakula Ndani

Theluji ilipoachia barabara ya Dolon
tulibadilisha shokapu za mbele, bushi, boljointi,
na tairodi ya kushoto,
mimi na baba, uani, juu ya turubai lenye harufu ya kondoo,
Audi ya mwaka tisini na moja imeinuliwa juu ya magogo
kama mgonjwa anayebadilishiwa shuka.

Baba haamini macho, anaamini hesabu.
Kabla ya kuitoa tairodi ya zamani akaniambia, "Andika."
Nikasema mikono yangu ina grisi.
"Basi nitahesabu mwenyewe."
Akaizungusha, midomo ikicheza,
na katikati jirani akapiga hodi kuulizia mbuzi wake,
tukamjibu, akaenda zake.
"Ishirini," alisema baba.
Mpya ikaingia mizunguko ishirini. Tukakaza nati. Tukanywa chai.

Wiki sita nikapeleka maziwa Kochkor,
madumu manane kila alfajiri.
Usukani ulikaa sawa, au karibu na sawa:
nembo iliinamisha shingo kidogo,
nikaizoea, kama saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika nne.
Ukisimama pembeni, kashata zote zipo.
Ni mbwa aliyejificha jua chini ya gari
aliyenifanya niiname nimfukuze,
nikaona ukingo wa ndani: kipara,
na waya zinachungulia.

Fundi Mederbek hakuuliza nani alilitengeneza.
"Linatetemeka?" Hapana.
"Basi shokapu ziache. Shokapu mbovu hula kwa mabaka,
kama mkate uliodonolewa na kuku.
Na upepo?" Najaza mwenyewe.
"Upepo ukipungua hula kingo zote mbili, haubagui."
Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa.
Kimya. Kushoto na kulia. Kimya.
Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya mpira:
kutoka ndani kwenda nje, laini;
kutoka nje kwenda ndani, kikamkwaruza,
kama paka aliyepapaswa kinyume.

"Linakwenda mbele," akasema, "huku limegeuza uso."

Akaenda upande wa kulia. Huko nako vilevile.
Nikamwambia kulia hatukugusa tairodi.
"Haidhuru. Kosa la mkono mmoja
magurudumu mawili hugawana."

Akafunga uzi wa kushonea nyuma, akauvuta hadi mbele,
akapima kwa rula ya shule ya mwanawe
iliyoandikwa jina kwa wino: Adinai.
Milimita kumi na tatu.
Akalegeza nati, akaizungusha tairodi kwenda nje,
mara moja, mara mbili, mara ya tatu,
na hapo, kwenye chuma, ikatokea pete ya kutu
pale nati ya zamani ilipolala miaka thelathini.
"Kumi na saba," akasema. "Nani aliwahesabia?"

Nikaliona tena lango, na jirani, na mbuzi.
Nikawaona baba na midomo yake,
kumi na moja,
kisha ile nafasi tupu,
kisha kumi na tano.

Majira ya baridi alitia chumvi chai mara mbili.
Tulicheka. Akamwita mwanangu kwa jina la kaka yake
aliyezama Issyk-Kul zamani. Hapo hatukucheka,
lakini tuliendelea kula.

Nilinunua matairi mawili ya mtumba, ya Kijerumani,
bado yana vinyweleo vya mpira.
Nyumbani baba alikuwa mlangoni, ameshavaa kofia.
"Ilikuwa nini?"
"Barabara," nikasema. "Mashimo."
Akatikisa kichwa, akayatukana mashimo ya serikali tatu mfululizo,
kwa mpangilio, bila kuruka hata moja.

Jumamosi tunafungua breki za nyuma.
Amekwisha kupanga spana kwa ukubwa juu ya turubai.
Nimechonga penseli.
Iko sikioni, na mikono bado sijaichafua.