Kugandisha Mara Mbili

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na mimi mkalimani natafuta neno.
Daktari Sigurdson amekwisha sema lake, anasubiri,
kalamu mdomoni.
Nimelipima *kuunguza*: lakini hakuna moto.
Nimelipima *kung'oa*: lakini hakuna kitakachotoka.
*Kuua* nimelimeza. Mgonjwa anaitwa Mwavita,
jina la mwaka aliozaliwa, kule Uvira,
na neno hilo amelisikia vya kutosha.

"Ana sindano tatu," namwambia. "Nyembamba.
Mashine ile ya pete itapiga picha, auone uvimbe
ulivyojisokota ndani ya bega lako,
kisha gesi ipite, ncha ziwe barafu.
Ataugandisha. Atauacha uyeyuke.
Ataugandisha tena."

Mwavita ananitazama kama mtu aliyekosea hesabu.
Miaka sita yuko kiwandani, chumba cha baridi,
kisu, mnyororo, mapaja ya nguruwe yakipita.
"Baridi ndiyo iliyonila bega hili.
Leo imekuja kunilipa?"
Kimya. Vidole vyake vinakata hewa, vyenyewe.
"Ahaa. Nyama ikiganda, ikayeyuka, ikaganda tena,
msimamizi anaitupa. Imeshavunjika ndani.
Mwambie nimemwelewa kuliko alivyosema."

Nikamwambia. Akaitoa kalamu mdomoni.

Nilisimama nyuma ya kioo kizito.
Kwenye skrini likatunga yai jeusi,
likanenepa polepole, likaumeza uvimbe,
likasimama karibu mno na mshipa wa fahamu.
"Atikise vidole," nikatafsiri kwenye kipaza sauti.
Akatikisa.
Nesi Liwayway akaingia na glavu iliyojaa maji ya moto,
akailaza juu ya ngozi isije ikaungua kwa baridi:
mkono mnene, usio na mifupa,
umemshika mtu begani.

Fomu ina mstari: *jina la tiba kwa lugha ya mgonjwa*.
Niliuacha wazi mpaka jioni,
nikaandika: nyama iliyogandishwa mara mbili.
Wanaohusika wakinihoji, nitawaambia si langu.

Machi nilimkuta kwenye basi, barabara ya Portage,
matope ya theluji yakirukia vioo.
"Bado yanauma?"
"Yapo. Mawili kwa kumi. Usiku, matatu."
Kituo chake kikakaribia.
Mkono wa kulia, uleule, ukapanda,
ukasita usawa wa sikio,
ukaivuta kamba.