Asilimia Nne

Nilipata thelathini na sita. Ya kupita ni arobaini.
Karatasi waliibandika kwenye kioo cha idara, ikitazama nje;
mimi nilikuwa ndani ya korido, nikaisoma kwa mgongoni.
Kinyume, thelathini na sita ni sitini na tatu.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa.

Muhula mzima nilichora saketi kwa rula:
ukinzani, meno ya msumeno;
koili, ngamia wanne kwenye foleni;
kapasita, ndugu wawili waliogombana,
wanatazamana na hawagusani.
Sura zao nilizijua. Tabia zao, hapana.

Kitu kimoja tu kiliniingia siku ile ile:
mikondo inayoingia kwenye kifundo
ni sawa na inayotoka.
Dakta Akyoo aliandika, akafuta, akaandika tena,
nami nikauona mfongo wa kwetu Kibosho
pale maji yanapogawanywa na jiwe,
mama na jembe lake saa tisa usiku, zamu yake,
akinong'ona: yakipungua huku chini, kuna mtu huko juu.
Nikaandika pembeni mwa daftari:
kwenye waya hakuna jirani.
Elinipa akasoma, akacheka, tukatolewa nje sote wawili.

Likizo sikurudi nyumbani.
Nilikwenda Unga Limited, kwa fundi Nnko,
mlango wa bati, kalenda ya mwaka juzi,
mota zimelazwa sakafuni, matumbo wazi.
Hakuniuliza cheti.
"Unajua kuhesabu?"
Nikasema niko chuo, mwaka wa pili.
"Sikuuliza hilo."

Siku tatu nilifumua shaba iliyoungua.
Harufu ya vanishi ililala kwenye nywele zangu,
ikaamka nami, ikanywa nami chai.
Stata ilikuwa na mifuo thelathini na sita.
Niliihesabu mara mbili, nikidhani ananisimanga.
Kisha nikaanza kuijaza, mzingo kwa mzingo,
kidole gumba kikifa ganzi,
nikikosea arobaini na moja, nikirudi mwanzo,
kwa kuwa fundi alikuwa anahesabu pia,
kimya, kutoka upande wa pili wa karakana,
huku akizungumza na simu.

Kibati cha ubavuni kilisema 1440.
Daftari langu lilisema 1500.
"Fundi, mizunguko sitini imekwenda wapi?"
Alijifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono.
"Sumaku inazunguka, rota inaifukuza. Haiipati."
"Na ikiipata?"
"Haivuti tena. Inakaa kama mgeni aliyekwisha kula."

Nikapiga hesabu juu ya boksi la vanishi:
sitini, gawa kwa elfu moja mia tano.
Asilimia nne.
Arobaini, toa thelathini na sita.
Sikusema kitu. Fundi alikuwa anatafuta bisibisi,
akimlaumu kila mtu.
Na ninajua, si hesabu moja:
nne yangu ni ya alama, nne yake ni ya mbio;
Dakta Akyoo angenikata kwa kuchanganya vipimo.
Lakini usiku ule nililala.

Jumamosi tuliirudisha Ngarenaro, mashine ya Mama Naserian.
Ndoo za mahindi zilikuwa zimejipanga tangu alfajiri,
moja ina jiwe badala ya mwenyewe.
Fundi akainua swichi.
Mota ikaunguruma, ikashika kasi,
ikazunguka kinyume.
Watu wakaguna. Mama Naserian akanitazama mimi, si fundi.
Nikazima. Nikafungua kisanduku,
nikahamisha wa njano kwenye buluu, wa buluu kwenye njano,
nyekundu nikamwacha alipo,
kabla fundi Nnko hajafungua mdomo.
Alikuwa ameufungua. Akaufunga.

Unga wa kwanza ulitoka wa moto.
Niliutia mkono, nikaushikilia kidogo.

Sapu ni Jumatatu, saa tatu asubuhi, ukumbi wa pili.
Kucha zangu bado zina vanishi.