Thimu Imeyaya

Nusu ya vitu vyako nimevilaza katika katoni ya sabuni
juu ya kabati. Nimekwambia vimechoka:
ng'ombe wa plastiki aliyekatika pembe,
lori la soko la Mbale, magurudumu matatu,
mwanasesere wa shangazi Kagehi, jicho moja halifumbi.
Jumatatu hii hivi, Jumatatu ijayo vile,
ndivyo nilivyopanga, Muhonja, kama mhasibu.

Mvua ya saa tisa ikaja, ikapiga mabati.
Hukuuliza habari za lori.
Ulitwaa mwiko, ukatwaa vifuniko vya sufuria,
ukampikia paka maharagwe mabichi
na moja ukalitia puani.
Nililitoa kwa kibanio cha nywele. Tulilia sote wawili.

Jioni nikatafuta simu
chini ya mto, kwenye debe la unga,
ndani ya gambuti ya baba yako.
Ukanitazama, kidole mdomoni:
"Thimu imeyaya."

Ilikuwa ndani ya sufuria, imefunikwa leso,
inatetemeka. Mtu anapiga, anapiga.
Nikanyoosha mkono.
Ukasema, "Shhh."

Basi nikakaa sakafuni
kungoja zamu yangu ya mwiko.