Daftari la Ndege

Tangu wanitoe mtoto wa jicho
nimenunua daftari la kurasa tisini na sita,
na kila asubuhi, chai ikipoa,
naandika wanaokuja.

Chozi, mmoja, kwenye ua la mkomamanga,
kifua kama kilichochovywa rangi ikali mbichi.
Dudumizi, simwoni, namsikia tu
akimimina maji kutoka chupa isiyokwisha.
Kunguru sihesabu.
Kunguru hahitaji shahidi.

Bi Rukiya wa nyumba ya pili akaja na lawama:
"Darubini hiyo, shoga, inachungulia uani kwangu."
Nikampa.
Akaitia machoni, akanyamaza,
akanyamaza hata nikadhani kaudhika,
kisha: "Kumbe mnana ana jicho jekundu!
Miaka yote hii anajenga mnazini pangu
na sikuwahi kumtazama usoni."
Siku hizi huja na kigoda chake.

Juzi Charo alitupakia mishikaki,
pikipiki ikilia, buibui zetu zikipepea,
tukavuka daraja la Sabaki,
tukashuka hadi mto unapoonja chumvi,
tope vifundoni, viatu mkononi.
Tulifuata heroe. Tulitaka ile waridi,
mstari mzima wa waridi juu ya maji.
Hawakuwepo.
Upepo tu, na mchanga, na Charo akitazama saa.

Nikaandika: Heroe, hakuna.
Nikataka kulifunga.
Bi Rukiya akanipokonya kalamu,
akaandika kwa hati yake ya chuoni, polepole,
akikanyaga nje ya mstari:
Sululu, mmoja. Mguu una kilema.
Anakula.