Vumbi la Kijivu

Sarafu waliyompa kwa siku tisini
si fedha, ni bati lenye maneno mazuri.
Walimpigia makofi chumba cha chini cha kanisa,
Orville, mchimba makaa wa Mingo, mgongo wenye skrubu sita,
akalia, nami nikalia,
Bibi Lovell akakata keki.

Sasa ndiyo anayokwangulia.

Namwona toka dirisha la mashine za kufulia,
ng'ambo, kituo cha mafuta cha kina Hatcher:
gari linanguruma, theluji haijaamua kama ni mvua.
Kadi juu ya usukani. Ameinama
kama alivyokuwa akiinama juu ya kifuniko cha tangi la choo,
mlango kaukomea, bomba kalifungulia
ili nisisikie.
Bega lile lile. Pumzi ile ile, inayosubiri.

Siku hizi nafua mashati yenye vumbi la kijivu mfukoni.
Zamani lilikuwa jeupe.
Nimshukuru Mungu kwa rangi?

Kwa wenzake pale kanisani hasemi uongo:
hajameza, hajanusa, hajakopa kidonge kwa mtu.
Mkojo wake safi, kliniki inazo karatasi.
Majivu ameyaruka.
Tena ameyaruka vizuri, kwa miguu yote miwili,
mradi asiulizwe alipotua.

Jumanne ilikwenda pesa ya umeme.
Akaniambia, Twyla, afadhali hii, hii haiui.
Nikanyamaza. Nilishampulizia dawa puani mimi,
midomo ya buluu, sakafuni, kati ya choo na beseni,
nikihesabu kwa sauti.
Kwa hiyo ndiyo, afadhali.
Neno hilo nalilalia kama mto usio na pamba.

Na mimi?
Nilikuwa nikihesabu vidonge usiku, yeye kalala.
Leo nahesabu kadi. Juzi hapakuwa na kadi,
nikajikuta nahesabu vifungo vya koti lake,
mara mbili, niwe na hakika.

Ng'ambo, ananyanyua kichwa. Ameshinda:
namjua kwa shingo.
Dola mbili, labda tano.
Anashuka, anavuka dimbwi, anarudi ndani
kuzigeuza kadi nyingine,
na bati la siku tisini linametameta
kati ya kidole gumba na cha shahada.

Mashine yangu imesimama. Nguo zimekauka.
Natumbukiza sarafu nyingine,
zizunguke tena.