Dohani Iliyoinama

Nililipa pauni kumi na mbili
katika ukumbi wa kanisa, Bishop Auckland, mwezi wa pili,
kwa boksi la viatu vya kiume, saizi nane,
na ndani, kimevikwa soksi moja ya sufi,
kichwa cha treni kizito kama jiwe la mizani.
"Hakitembei," alisema Bwana Coulthard.
"Kimeundwa nyumbani, kipande kwa kipande.
Ni cha aina gani, hata mimi sijui."
Akanipa chenji, na biskuti.

Vyaelea vimeundwa.
Na visivyotembea je?
Navyo vina mtu aliyekesha,
akaungua vidole kwa lehemu,
akaitwa kula, akasema naja,
chakula kikapoa.

Miaka thelathini na moja nilichonga meno ya bandia
kwa vinywa vya Darlington.
Mkono wa fundi mwingine siukosi,
hata ausugue vipi kwa msasa.
Nikawasha taa, nikavaa miwani juu ya miwani,
nikaanza kukihoji.

Magurudumu sita, yote yameshikana: cha mizigo hicho.
Ekseli ya kwanza hadi ya pili, milimita thelathini na mbili;
ya pili hadi ya tatu, thelathini na nne.
Ribiti nilizihesabu mara mbili
nikapata majibu mawili.
Rangi ya kijani, nene kama uji wa jana;
chini yake nyeusi; chini ya nyeusi
metali laini ya kijivu, inayokwaruzika kwa ukucha.
Jina la kiwanda, hakuna.

Elspeth Raine, jirani, binti wa dereva wa treni,
alileta michoro ya marehemu baba yake
iliyonuka kabati.
Akapitisha kidole mstari kwa mstari.
"Hiki ni cha makaa. Baba aliwaendesha ndugu zake.
Ila dohani," akasema, "dohani si yake."

Kweli. Mchoro una dohani fupi, nene.
Hii ni ndefu, ya shaba, imechongwa kwa tupa,
na imeinama kushoto kidogo,
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilikiloweka katika maji ya moto
mpaka gundi kuukuu ikachoka, ikaachia.
Tumboni mwake mlikuwa na risasi za ndoana, kuongeza uzito,
zimefungwa kwa gazeti: nusu ya matokeo ya mpira,
Hartlepool wamefungwa, na nani sijui.
Na ubavuni kwa ndani, kwa ncha ya sindano:
*Mara ya tatu. Basi.*

Ee bwana, nilimwambia, nakuelewa.

Nikachokonoa rangi kwa vyuma vyangu vya meno.
Kwenye ekseli palizongwa unywele mweupe wa paka;
nikautoa, nikashindwa kuutupa.
Giya mpya. Waya mpya. Tone la mafuta kwa sindano.
Nikaagiza dohani sahihi kwa posta, pauni nne.
Ilifika. Bado imo kwenye pakiti yake.
Ile ya shaba nikairudisha mahali pake,
na koleo nilikuwa nalo mkononi,
ningeweza kuinyoosha.

Jumapili nikatandika reli
kutoka birika la chai hadi bati la mkate.
Kikaunguruma. Kikaruka. Kikaenda,
kikichechemea mguu mmoja wa nyuma.
Elspeth akasema hata vile vikubwa vilichechemea.
Sikumwuliza kama ni kweli.

Usiku, kabla ya kufunga tumbo lake,
niliona alama katika gundi iliyosalia:
kidole gumba, mistari yote ipo.
Nikaweka changu juu yake.
Changu kiliifunika, kikazidi pande zote.

Na mimi wiki tisa namwita bwana.