Kutu

Daktari Nkwimba wa Bugando alisoma karatasi:
"Lehemu nzuri unayo, tena tele."
Mbona basi mshipa wa moyo umeziba?

Akauliza kazi.
Nagonga kutu melini, Bandari ya Kusini,
nyundo na msasa, mwaka wa ishirini na tatu huu.

"Wazoa taka wako wapo," akasema,
"lakini nao wameshika kutu.
Toroli limetoboka:
walichozoa wanakimwaga njiani."

Chuma nakijua.
Huliwa na hewa hii hii tunayovuta,
kimyakimya, chini ya rangi inayong'aa.

Jioni, Igogo, nikamwaga mafuta ya kukaangia sangara,
meusi, ya tangu Jumatatu.
Kabula kanuna.
Sigara sikuitupa.
Nimeikata nusu,
nusu nyingine iko mfukoni, inaninukia.